Maradhi ya Ini: Vyanzo Vyake, Mwenendo Wake na Kinga Yake

Ng'ombe wanaochinjwa katika machinjio ya Vingunguti kwa ajili ya wakazi wa Dar es Salaam hukaguliwa kabla nyama yao haijapelekwa mabuchani. Miongoni mwa viungo vinavyoangaliwa kwa makini zaidi ni ini. Mkaguzi hutazama rangi yake, hulibonyeza, kisha hulikata kwa kisu ili kuona kama ndani ya mirija ya nyongo mna minyoo bapa, au kama nyama yake ina majipu na makovu. Ini lililoharibika hutupwa, hata kama ng'ombe mwenyewe alikuwa amenona na alikwenda machinjioni kwa miguu yake.

Jambo hilo la mwisho lina fundisho. Mnyama mwenye ini bovu aweza kuonekana mzima kabisa. Ndivyo ilivyo kwa binadamu pia. Mtu aweza kulima, kufundisha, kucheza mpira au kuendesha daladala kwa miaka 20 au 30 huku ini lake likiharibika kidogo kidogo, wala asihisi chochote. Siku dalili zinapojitokeza, aghalabu sehemu kubwa ya kiungo hicho imekwisha kugeuka kovu. Ndugu hushangaa, majirani hunong'ona, na pengine hutafutwa mchawi. Makala hii inaeleza ini hufanya kazi gani, huharibiwa na nini, huleta madhara gani linapoharibika, na kwa nini maradhi yake mengi yanaweza kuzuiwa.

Kazi za ini

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1.5. Limekaa upande wa kulia wa sehemu ya juu ya tumbo, chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na sehemu yake kubwa imefunikwa na mbavu. Kila dakika hupitiwa na takriban lita 1.5 za damu. Karibu robo ya damu hiyo huletwa na ateri, ikiwa na oksijeni nyingi. Robo tatu zilizosalia huletwa na mshipa wa lango, ambao hukusanya damu kutoka katika tumbo, matumbo, kongosho na bandama. Kwa hiyo karibu kila kitu anachokula mtu, kiwe chakula, dawa au sumu, hupita kwanza katika ini kabla ya kusambazwa mwilini. Hali hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ini ni la kwanza kuumizwa na sumu zinazoingia kwa njia ya kinywa.

Kazi za ini ni nyingi, lakini zaweza kugawanywa katika mafungu manne. Kwanza, ini ni ghala. Sukari inayozidi baada ya mlo hugeuzwa kuwa glaikojeni na kuhifadhiwa humo, kisha hurudishwa katika damu mtu anapokuwa na njaa. Madini ya chuma na vitamini kama A na B12 huhifadhiwa humo pia. Pili, ini ni kiwanda. Hutengeneza albumini, ambayo ni protini inayozuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa, na hutengeneza protini zinazogandisha damu mtu anapojikata. Tatu, ini ni mahali pa kusafishia. Amonia, ambayo ni sumu itokanayo na uvunjwaji wa protini, hugeuzwa humo kuwa urea na kutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Vileo na dawa nyingi huvunjwa humo vilevile. Nne, ini hutengeneza nyongo, ambayo husaidia kumeng'enya mafuta.

Waswahili walikwisha kuona ukaribu wa viungo hivi viwili waliposema "nyongo mkalia ini". Msemo huo hutumika kumtaja adui anayeishi karibu na mtu. Katika elimu ya mwili, hata hivyo, nyongo ni zao la ini lenyewe. Maadui halisi wa ini hutoka nje, nao ndio watakaoelezwa hapa.

Rangi ya manjano hutoka wapi?

Dalili inayojulikana zaidi ya ugonjwa wa ini ni macho kuwa ya manjano. Asili yake yaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Chembe nyekundu za damu huishi kwa siku zipatazo 120, kisha huvunjwa. Kutokana na uvunjwaji huo hupatikana kitu cha rangi ya manjano kiitwacho bilirubini. Ini hukiokota kutoka katika damu, hukibadili ili kiweze kuyeyuka katika maji, na kukitia katika nyongo. Nyongo humiminika katika utumbo, na humo bakteria huigeuza bilirubini kuwa vitu vinavyoipa choo rangi yake ya kahawia.

Ini likishindwa kazi hiyo, au mirija ya nyongo ikizibwa, bilirubini hurundikana katika damu. Macho na ngozi huwa manjano. Mkojo huwa mweusi mfano wa chai ya rangi kwa sababu figo hujaribu kuitoa bilirubini, na choo chaweza kupauka kwa sababu haifiki tena katika utumbo. Dalili hizi tatu huelezwa na sababu moja. Msomaji asichanganye hali hii na ugonjwa uitwao homa ya manjano, ambao ni maradhi ya pekee yanayoenezwa na mbu, ingawa nao pia hushambulia ini.

Homa ya ini B: ugonjwa wa ukimya

Kuvimba kwa ini huitwa homa ya ini, na mara nyingi husababishwa na virusi. Virusi vinavyojulikana zaidi vimepewa herufi A, B, C, D na E. Kati ya hivyo, virusi B ndivyo vinavyodhuru watu wengi zaidi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 254 ulimwenguni walikuwa wakiishi na maambukizo ya kudumu ya virusi B mwaka 2022. Mwaka huo huo, homa za ini zitokanazo na virusi ziliua watu wapatao milioni 1.3.

Virusi B vilianza kufichuliwa kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1965 mwanasayansi wa Marekani, Baruch Blumberg, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba wameona protini ngeni katika damu ya mzalendo wa asili ya Australia. Hapo awali haikujulikana protini hiyo ilikuwa nini. Baadaye ilithibitika kuwa ni sehemu ya gamba la virusi vya homa ya ini. Ugunduzi huo uliwezesha damu kupimwa kabla ya kutiwa mgonjwa, na ukafungua njia ya kutengeneza chanjo. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, sasa huadhimishwa kuwa Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Jijini Dar es Salaam, watafiti walichunguza damu ya watu 1,599 waliojitolea damu katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Asilimia 8.8 ya watu hao walikuwa na virusi B, na asilimia 1.5 walionyesha dalili za kuambukizwa virusi C. Wengi wa watoaji hao walikuwa ndugu wa wagonjwa waliofika kurudisha damu, kwa hiyo idadi hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ni ya wakazi wote wa jiji. Hata hivyo yafaa itafakariwe. Karibu mtu 1 katika kila 11 wa kundi hilo alikuwa na virusi, nao walikuwa watu waliofika kwa miguu yao wakijiona wazima kiasi cha kumpa mwingine damu.

Virusi B huenezwa kwa damu na majimaji mengine ya mwili. Mama aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Watoto wadogo waweza kuambukizana kwa vidonda na mikwaruzo. Watu wazima huambukizana kwa kujamiiana, kwa sindano zisizo safi, kwa kushirikiana nyembe, na kwa kuchanjwa chale kwa wembe uliokwisha kutumiwa na mwingine. Virusi hivi ni vigumu kufa, kwani vyaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Lakini havienezwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kukohoa, wala kukaa dawati moja darasani.

Jambo la ajabu kuhusu virusi B ni uhusiano wao na umri. Mtu mzima anapoambukizwa, kwa kawaida mwili wake huvishinda. Chini ya watu 5 katika kila 100 ndio wanaobaki navyo maisha yao yote. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana hali tofauti kabisa, kwani karibu 90 katika kila 100 hubaki navyo. Sababu ni hii: virusi vyenyewe haviuui ini moja kwa moja. Kinachoharibu ini ni mapambano ya kinga ya mwili dhidi ya chembe hai zilizoingiliwa na virusi. Kinga ya mtu mzima hupigana kwa nguvu. Hapo mtu huugua, macho huwa manjano, lakini mara nyingi virusi hufutika. Kinga ya mtoto mchanga bado ni changa, nayo huvivumilia virusi kana kwamba ni sehemu ya mwili. Hivyo mtoto haugui wala hageuki manjano, na mama yake hufurahi. Mapambano huja kuzuka miaka mingi baadaye, na tena huendelea polepole kwa miongo mizima, yakiacha kovu juu ya kovu.

Kwa hiyo maradhi yanayomlaza mtu wa miaka 40 katika hospitali ya Temeke au Mwananyamala yaweza kuwa yaliingia mwilini mwake siku ile ile alipozaliwa. Kumwuliza alikula nini mwezi uliopita, au aligombana na nani, hakutaleta jawabu.

Virusi C na suala la sindano

Virusi C vilitambuliwa mwaka 1989, na waliohusika na ugunduzi wake, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walituzwa Nobel mwaka 2020. Virusi hivi huenezwa hasa kwa damu. Tofauti na virusi B, wengi wanaoambukizwa virusi C hubaki navyo hata wakiwa watu wazima.

Katika Temeke jambo hili lina uzito wa pekee. Uchunguzi uliofanywa wilayani humo mwaka 2011 miongoni mwa watu waliojidunga dawa za kulevya ulionyesha kwamba zaidi ya mmoja katika kila wanne walikuwa na dalili za kuambukizwa virusi C. Tone la damu lililosalia katika bomba la sindano, lisiloonekana hata kwa macho, latosha kuhamisha virusi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Ili kupunguza madhara hayo, kliniki ya dawa ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, ikafuatiwa na ile ya Mwananyamala, Kinondoni, na baadaye ya Temeke. Mgonjwa hunywa dawa hiyo mbele ya mhudumu, na hivyo huachana na sindano.

Hakuna chanjo dhidi ya virusi C. Lakini tiba ipo. Vidonge vilivyopatikana katika miaka ya 2010, vikimezwa kwa wiki 8 hadi 12, huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Ni mara chache sana sayansi imeweza kuufukuza kabisa mwilini ugonjwa wa virusi uliokwisha kudumu.

Maji, visima na mvua za masika

Virusi A na E vina njia nyingine. Hutoka katika choo cha mgonjwa na kuingia katika kinywa cha mwingine kwa njia ya maji na chakula. Katika vitongoji vya Tandale, Mbagala na vinginevyo vilivyojengwa pasipo mabomba ya maji machafu, visima vifupi huchimbwa hatua chache kutoka vyoo vya shimo. Mvua za masika zinaponyesha, maji ya ardhini hupanda na kuviunganisha vitu hivyo viwili. Wapo pia wenye nyumba ambao hungoja mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao, yaani wayaache maji ya mafuriko yachukue uchafu na kuupeleka mitaroni na kwa majirani.

Virusi A na E havibaki mwilini kwa miaka mingi kama B na C, na wagonjwa wengi hupona wenyewe. Hata hivyo virusi E ni hatari kubwa kwa mama mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Kuchemsha maji, kunawa mikono kwa sabuni na kuacha kutapisha vyoo ni kinga inayomlinda mtu mwenyewe na jirani yake.

Sumukuvu katika chakula

Mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Kuvu hiyo, iitwayo Aspergillus flavus, hutoa sumu ambayo kwa Kiswahili imepewa jina la sumukuvu. Huota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla ya kukauka vema. Sumukuvu haionekani kwa macho, na haiharibiwi na moto wa kawaida wa jikoni. Kupika ugali kwa muda mrefu hakuiondoi.

Mtu akila sumukuvu nyingi kwa mara moja, ini lake hufa kwa ghafla. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hususan Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 mkasa wa namna hiyo uliikumba mikoa ya Dodoma na Manyara katika Tanzania. Watu 68 waliugua, na 20 miongoni mwao walifariki. Mtu akila kidogo kidogo kwa miaka, hapati dalili yoyote, lakini sumu hiyo huharibu vinasaba vya chembe hai za ini na kuleta saratani. Hatari hiyo huongezeka mara nyingi kwa mtu ambaye pia ana virusi B. Maadui hao wawili wakikutana katika ini moja, madhara yao kwa pamoja hupita kwa mbali jumla ya madhara ya kila mmoja peke yake.

Wakazi wa jiji wasidhani kwamba jambo hili ni la wakulima pekee. Mahindi yanayouzwa katika soko la Tandale hayalimwi Kinondoni, bali hutoka katika mikoa mbalimbali, nayo hufika yakiwa na hali ileile iliyokuwa ghalani. Mnunuzi na achambue punje, atupe zilizovunjika, zilizooza na zilizobadilika rangi, wala asizipeleke mashineni kwa ajili ya pombe au chakula cha kuku. Kukoboa mahindi hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa imo katika ganda na kiini. Unga wa dona una lishe bora kuliko sembe, lakini ubora huo hupatikana tu endapo mahindi yenyewe ni safi na makavu.

Pombe, mafuta na madawa

Wengi huamini kwamba ugonjwa wa ini ni wa walevi tu. Imani hiyo ina kosa la namna mbili: humwaibisha mgonjwa asiyewahi kugusa kileo, na humpumbaza mtu asiyekunywa kwa kumfanya ajione salama. Hata hivyo ni kweli kwamba pombe huharibu ini. Kileo kinapovunjwa hugeuka kwanza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu kuliko kileo chenyewe. Ini la mnywaji sana hujaa mafuta, kisha huvimba, kisha huota makovu. Hatua ya kwanza yaweza kurekebishika kabisa mtu akiacha kunywa. Ya mwisho ni vigumu kurekebishika. Gongo lina hatari nyingine, kwa kuwa hakuna apimaye nguvu yake wala kilichomo ndani yake.

Mafuta yaweza kujaa katika ini hata la mtu asiyekunywa. Unene wa kupita kiasi, ugonjwa wa kisukari, vinywaji vyenye sukari nyingi na maisha ya kukaa bila kufanya kazi za mwili huleta hali hiyo, nayo inaongezeka katika miji yote mikubwa. Dawa nazo zina nafasi yake. Parasetamoli ni salama kwa kipimo chake, lakini ikizidishwa huua chembe hai za ini. Baadhi ya dawa za kifua kikuu, na baadhi ya mitishamba, huweza kudhuru vilevile. Mgonjwa asiache dawa alizoandikiwa kwa kuogopa, ila amweleze mganga wa hospitali kila anachokunywa.

Katika Kanda ya Ziwa upo pia ugonjwa wa kichocho cha matumbo. Mayai ya minyoo hiyo hunasa katika vijishipa vya ini na kuleta makovu yanayoziba njia ya damu. Wahamiaji wengi waliokulia kandokando ya Ziwa Viktoria wanaishi leo Dar es Salaam, na historia hiyo husafiri nao.

Kovu linapochukua nafasi ya ini

Ini lina uwezo wa kustaajabisha wa kujijenga upya. Mwaka 1931 watafiti Higgins na Anderson walieleza kwamba panya aliyeondolewa theluthi 2 za ini lake hulirudisha katika ukubwa wake ndani ya muda mfupi. Lakini uwezo huo una mipaka. Jeraha linaporudiwa kila siku kwa miaka mingi, mwili huziba nafasi kwa nyuzi za kovu. Hatimaye ini husinyaa, huwa gumu na kujaa vinundu. Hali hii huitwa sirosisi, jina lililotolewa na daktari Mfaransa Laennec mwaka 1819. Madhara yake makubwa yanafuatana kimantiki.

Damu ya mshipa wa lango haiwezi tena kupita kwa urahisi katika ini gumu. Shinikizo hupanda, kama maji katika mpira uliokanyagwa. Bandama huvimba. Damu hutafuta njia za kando, na vijishipa vya umio hutanuka hadi kuwa vinene na vyepesi kupasuka. Vikipasuka, mgonjwa hutapika damu nyingi kwa ghafla, na aweza kufa kabla ya kufikishwa hospitali. Isitoshe, protini za kugandisha damu nazo zimepungua.

Albumini ikipungua huku shinikizo likiwa juu, maji huvuja na kujaa tumboni. Tumbo hufura ilhali mikono na mashavu hukonda. Hapo ndipo watu wengi husema mgonjwa amerogwa, naye hupelekwa kwa mganga baada ya mganga, wakati ambapo kila wiki ina thamani. Maji hayo yaweza kupata bakteria, na figo nazo zaweza kushindwa kazi.

Amonia na sumu nyingine zisiposafishwa hufika katika ubongo. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, husahau majina ya wanawe, huongea maneno yasiyo na mpango, na mikono yake hutetemeka. Ndugu hudhani ameingiwa na wazimu au mashetani. Hali hii yaweza kutibiwa, na fahamu zikarejea, ikiwa atawahi kufikishwa hospitali.

Mwisho ni saratani ya ini. Katika Afrika huwapata watu wengi wakiwa katika umri wa miaka ya 40, yaani wakati wana watoto shuleni na wazazi wa kutunza. Aghalabu hugunduliwa ikiwa imechelewa, kwa sababu nyama ya ini yenyewe haina mishipa ya kuhisi maumivu. Kinachouma ni utando wake wa nje unapovutwa na uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha kazi ya ini kwa vifaa vichache. Achukue vipande viwili vidogo vya ini bichi la ng'ombe au kuku, na kimoja akichemshe kwa dakika 5. Kila kipande kitiwe katika mrija wake wa majaribio, kisha kimiminiwe haidrojeni peroksaidi hafifu, ya namna inayouzwa katika maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda. Ini bichi litatoa povu jingi. Ini lililochemshwa halitatoa. Povu hilo ni oksijeni, inayotokea pale kimeng'enya kiitwacho katalasi kinapoivunja peroksaidi, ambayo ni sumu, kuwa maji na oksijeni. Moto umekiharibu kimeng'enya hicho katika kipande cha pili. Wanafunzi waulizwe: vipande hivyo viwili vinatofautiana nini kwa ukubwa na uzito? Karibu hakuna. Hivyo wataona kwamba ini laweza kuwepo mahali pake lisifanye kazi.

Mwalimu, mwanafunzi na mwaka 2002

Silaha kubwa kuliko zote dhidi ya maradhi ya ini ni chanjo ya virusi B. Tanzania iliiingiza katika mpango wake wa chanjo za watoto mwaka 2002. Tangu mwaka 2009 imetolewa pamoja na chanjo za dondakoo, kifaduro, pepopunda na bakteria wa Hib katika sindano moja, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Shirika la Afya Duniani hushauri pia dozi ya mapema zaidi, ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, ili kumkinga mtoto na virusi vya mama yake.

Kutokana na tarehe hiyo, chumba cha darasa cha shule yoyote ya sekondari, iwe Mbagala au Kawe, kimegawanyika mara mbili bila watu wenyewe kujua. Wanafunzi wamezaliwa baada ya mwaka 2002, na wale waliomaliza dozi zao wamekingwa. Mwalimu wao, kama alizaliwa kabla ya hapo, huenda hakupata chanjo kamwe, na huenda akawa miongoni mwa wale wanaobeba virusi tangu utotoni. Mtu mzima kama huyo anashauriwa apimwe damu kwanza. Asipokuwa na virusi wala kinga, apewe dozi 3: ya kwanza siku ile, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu katika mwezi wa sita.

Akikutwa na virusi, hiyo si hukumu ya kifo. Wengine hawahitaji dawa mara moja, bali huchunguzwa kila baada ya muda. Wengine hupewa vidonge kama tenofovi, ambavyo hupunguza virusi na kuzuia makovu kuendelea, ingawa kwa kawaida havivifuti kabisa. Mke au mume wake na watoto wake wapimwe na kuchanjwa. Mama mjamzito apimwe kliniki. Wala asitengwe yeyote, maana hofu ya kutengwa ndiyo inayowafanya watu wakwepe kupimwa, na asiyepimwa huendelea kuwaambukiza wengine bila kujua.

Mkaguzi wa machinjio hulikata ini baada ya mnyama kufa, na kazi yake ni kuwalinda walaji. Ini la binadamu hukaguliwa kwa tone la damu, mwenyewe akiwa hai na bado ana nafasi ya kuokolewa. Mwanafunzi anayesoma makala hii na aitafute kadi yake ya kliniki nyumbani, aone kama dozi zake zote tatu zimeandikwa. Kisha amwulize mwalimu wake, kwa adabu, kama naye amepimwa.